Homoni za mimba changa baada ya IVF: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na akina mama waliotibiwa kwa IVF, yaani yai hurutubishwa maabara kisha kiinitete hupandikizwa kwenye mji wa mimba, na sasa wanashika karatasi ya maabara isiyoeleweka. Wengi wametibiwa Nairobi, Kampala au India, kisha wamerudi nyumbani, na daktari wao yuko mbali siku majibu yanapotoka. Majibu yaliyo hapa yatakusaidia kuisoma karatasi hiyo na kujua cha kumuuliza daktari. Dawa usizibadilishe kwa kusoma ukurasa huu. Hilo zungumza na kliniki yako.

Ni homoni zipi zinazopimwa, na kila moja inasema nini?

Kubwa ni hCG, ambayo wagonjwa na wauguzi huiita "beta". Hutengenezwa na chembe za nje za kiinitete, zile zitakazokuja kuwa kondo la nyuma, mara tu zinapoanza kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Ndiyo maana kipimo hiki kinaaminika kuonyesha kama mimba imeshika.

Ya pili ni projesteroni, inayoutuliza mji wa mimba na kuufanya ukuta wake uweze kumbeba mtoto. Ya tatu ni estradioli, ambayo hufuatiliwa zaidi kwa wanaotumia vidonge vyake baada ya kupandikizwa kiinitete kilichogandishwa. Baadhi ya kliniki hupima pia TSH, inayoonyesha hali ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni.

Kwa nini nisubiri siku zote hizo? Kipimo cha mkojo cha duka la dawa hakitoshi?

Kiinitete cha siku ya 5, yaani kilichopandikizwa siku ya tano baada ya yai kurutubishwa, huhitaji siku kadhaa kujishikiza, na baada ya hapo hCG huanza kwa kiasi kidogo sana. Kliniki nyingi huita mama kupima damu kati ya siku ya 9 na ya 14 baada ya kupandikizwa. Vipimo vingi vya mkojo huanza kusoma hCG inapofika uniti 20 hadi 25, wakati damu husoma hata uniti chache tu. Kwa hiyo ukipima mkojo mapema unaweza kuona mstari mmoja ukalia bure, huku mimba ipo.

Kuna hatari nyingine iliyo kinyume. Kama ulichomwa sindano ya kupevusha mayai yenye hCG kabla ya kuvunwa, dawa hiyo hubaki mwilini siku 10 hadi 14 hivi. Mistari miwili inayoonekana mapema inaweza kuwa ya sindano. Nimeona nyumba nzima ikishangilia, kisha wiki iliyofuata ikawa kilio. Subiri damu, mama.

Na kama umepima mkojo ukaona mstari mmoja, endelea na dawa zote mpaka damu ipimwe. Kuacha projesteroni kwa sababu ya kijiti cha mkojo kunaweza kuidhuru mimba iliyokuwa inaanza.

Beta yangu ya kwanza ni 48. Je, ni ndogo mno?

Hili ndilo swali linalokosesha watu usingizi kuliko yote, basi tulitazame kwa utulivu.

Kwa kawaida, chini ya 5 husomwa kuwa hakuna mimba. Kati ya 5 na 25 ni eneo la mashaka, na hurudiwa. Zaidi ya 25 husomwa kuwa mimba ipo. Kwa hiyo 48 ni mimba. Kliniki nyingi zingefurahi zaidi kuona 50 au 100 na kuendelea, kwa kuwa beta ya kwanza ikiwa kubwa uwezekano wa mimba kuendelea huwa mkubwa zaidi. Lakini namba hiyo inategemea mambo mengi: umepima siku ya ngapi, kiinitete kilikuwa cha siku ya 3 au ya 5, na kilijishikiza mapema au kilichelewa. Kikichelewa siku moja au mbili, beta yako inaweza kuwa nusu ya ya mwenzako aliyepandikizwa siku ileile, na nyote mkajifungua salama.

Ndiyo sababu naomba usiitume namba yako kwenye kundi la WhatsApp ili ilinganishwe na za wengine. Namba ya dada mwingine haikuhusu. Inayokuhusu ni namba yako ya pili.

Namba ya pili inatakiwa ipande kwa kasi gani?

Katika wiki za mwanzo beta huongezeka takriban mara mbili kila baada ya saa 48 hadi 72. Wengi wamekariri kwamba lazima iongezeke maradufu kwa siku mbili, la sivyo mimba imekufa. Sivyo. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kinatoa viwango vya chini kabisa vinavyotarajiwa kwa mimba hai ndani ya saa 48: asilimia 49 ikiwa ulianza chini ya 1,500, asilimia 40 ukianzia kati ya 1,500 na 3,000, na asilimia 33 ukianzia juu ya 3,000. Maana yake, kadiri beta inavyokuwa kubwa ndivyo kasi yake inavyopungua, na hiyo ni kawaida.

Hesabu yake ni rahisi. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili, gawanya kwa ya kwanza, zidisha kwa 100. Aliyetoka 180 akafika 280 kwa saa 48 amepanda asilimia 56. Haijafika maradufu, lakini imo ndani ya mipaka. Aliyetoka 180 akafika 220 amepanda asilimia 22, na huyo anahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Angalia saa pia. Ukipima Jumatatu asubuhi na Jumatano asubuhi, hizo ni saa 48. Ukipima Jumatatu jioni na Jumatano asubuhi, umepunja saa nyingi, na namba itaonekana ndogo bila kosa la mimba.

Kati ya wiki ya 8 na ya 11 beta hufika kileleni, mara nyingi makumi ya maelfu au zaidi ya laki moja, kisha huanza kushuka yenyewe. Mama anayeiona imeshuka wiki ya 12 hana sababu ya kuogopa kwa hilo peke yake.

Nimepima maabara mbili siku moja, majibu yametofautiana. Nimwamini nani?

Huenda zote mbili ziko sahihi. Mashine na kemikali za kupimia hutofautiana, na sampuli moja inaweza kutoa namba mbili zisizolingana. Chagua maabara moja ubaki nayo kwa vipimo vyote vya kufuatilia. Kama ulipima ya kwanza Nairobi na sasa uko Mombasa au Arusha, anza upya: pima mbili, saa 48 mbali, katika maabara ya huko uliko.

Kwa beta, mIU/mL na IU/L ni kipimo kilekile. Kwa projesteroni si hivyo. Baadhi ya maabara huandika ng/mL na nyingine nmol/L, na 1 ng/mL ni sawa na takriban 3.18 nmol/L. Projesteroni 12 kwa ng/mL ni 38 kwa nmol/L. Kuna waliolia kwamba homoni imeporomoka, kumbe maabara imebadilisha kizio.

Jambo jingine lisilojulikana sana: biotini. Vidonge vya kukuza nywele na kucha mara nyingi huwa na biotini nyingi, na katika baadhi ya mashine dozi kubwa huweza kuifanya beta isomeke chini kuliko ilivyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu biotini na vipimo vya maabara mwaka 2017. Kama unavimeza, mwambie mtu wa maabara kabla ya kutolewa damu.

Beta yangu ni kubwa sana. Ni mapacha?

Labda. Mapacha huwa na beta ya juu kwa wastani, lakini viwango vyao na vya mtoto mmoja hupishana mno. Ultrasaundi pekee ndiyo huhesabu. Usinunue vitanda viwili bado.

Kwa nini nawekewa projesteroni nyingi hivi? Jirani yangu alibeba mimba bila hata kidonge kimoja.

Jirani yako alikuwa na kiwanda chake. Yai likitoka kwenye ovari kwa njia ya kawaida, kifuko lilimokuwa hugeuka kuwa tezi ndogo ya muda inayotengeneza projesteroni, na hCG ya mimba huiambia tezi hiyo iendelee na kazi. Karibu wiki ya 7 hadi ya 9 kondo la nyuma huanza kujitegemea.

Kwa mama wa IVF mambo ni tofauti. Ukivunwa mayai, dawa zilizotumika kuziamsha na kuzizuia ovari huvuruga mawasiliano kati ya ubongo na ovari, kwa hiyo zile tezi za muda hudhoofika mapema. Projesteroni ya dawa huziba pengo hilo. Na kama umepandikizwa kiinitete kilichogandishwa, na mji wa mimba uliandaliwa kwa vidonge vya estradioli bila yai lako kupevuka, basi hakuna tezi hiyo kabisa. Projesteroni yote inayoishikilia mimba yako inatoka kwenye dawa unayotumia. Ukiiacha katika wiki ya 5, hakuna kitakachochukua nafasi yake.

Hapo ndipo ninapomsihi kila mama ajue ni mpango upi alioandaliwa nao. Uliza kliniki: "Je, yai langu lilipevuka katika mzunguko huu, au nilitumia dawa tupu?" Jibu lake litakuonyesha hatari ya dozi iliyosahauliwa.

Projesteroni kwenye damu imesoma chini, na mimi naweka vidonge ukeni kila siku. Dawa haifanyi kazi?

Dawa ikiwekwa ukeni huingia moja kwa moja kwenye mji wa mimba kwa wingi, na sehemu ndogo tu hufika kwenye damu ya mkononi. Kwa hiyo damu inaweza kusoma chini wakati mji wa mimba umeshiba. Sindano ya mafuta inayochomwa kwenye msuli ndiyo inayoipandisha namba ya damu. Na anayemeza didrojesteroni, aina nyingine ya dawa hii, asishangae kabisa, maana kipimo cha kawaida cha projesteroni hakiioni.

Pamoja na hayo, kwa waliopandikizwa kiinitete kilichogandishwa kwa mpango wa dawa tupu, baadhi ya kliniki hupima projesteroni karibu na siku ya kupandikiza na kuongeza dozi au sindano ikiwa chini, mara nyingi karibu na 10 ng/mL. Madaktari hawajakubaliana kuhusu kiwango hicho. Daktari wako akiamua kuongeza, ana sababu. Asipopima kabisa, hajakosea pia.

Vidonge vya ukeni vimeyeyuka kwa joto. Na jana nilisahau dozi moja. Nifanyeje?

Aina zenye mafuta hulainika haraka katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar. Soma joto linaloruhusiwa kwenye boksi na uviweke mahali penye ubaridi, mbali na dirisha na mbali na jiko. Ukisafiri kwa basi mchana kutwa, vibebe kwenye chombo cha ubaridi. Vilivyoyeyuka vikapoteza umbo usivigawe kwa kukadiria, piga simu kliniki. Uchafu mweupe au wa mafuta kwenye chupi ni mabaki ya kibebea dawa, haina maana kwamba dawa imemwagika yote.

Dozi uliyosahau iweke mara unapokumbuka, isipokuwa kama ya pili imekaribia. Usiweke mbili kwa pamoja. Nunua akiba ya wiki moja zaidi, kwa sababu maduka mengi ya dawa nje ya miji mikubwa hayana.

Ramadhani imeingia. Vidonge vya ukeni vinafunguza? Nifunge?

Wanazuoni wametofautiana kuhusu dawa za ukeni, kwa hiyo muulize sheikh unayemwamini. Ukitaka kuepuka shaka, kliniki nyingi zinaweza kupanga dozi ziangukie usiku na kabla ya alfajiri, au kukupa sindano. Lakini usiruke dozi ya mchana bila kupangiwa. Na kumbuka mjamzito anayeichelea afya yake au ya mtoto anayo ruhusa ya kutofunga na kulipa baadaye.

Sina kichefuchefu, na matiti hayaumi tena. Homoni zimeshuka?

Dalili hazipimi homoni. Projesteroni yenyewe huvimbisha matiti, hujaza tumbo gesi na huleta usingizi, iwe mimba ipo au haipo. Wapo wenye beta nzuri wasiosikia kitu hadi wiki ya 7, na wapo wasiotapika hata siku moja mpaka wanajifungua.

Natokwa na damu kidogo na beta inapanda. Nilale kitandani?

Matone ya damu katika wiki za mwanzo hutokea kwa wengi, na zaidi kwa waliotumia IVF. Mara nyingine ni kidonge cha ukeni kimekwaruza shingo ya kizazi. Kulala kitandani hakuongezi homoni na hakuzuii mimba kutoka. Endelea na dawa zako zote, ieleze kliniki, na ufanyiwe ultrasaundi muda ukifika. Kama kundi lako la damu ni hasi, kwa mfano O hasi, litaje, kwa kuwa daktari anaweza kuamua kukupa sindano ya kinga.

Kwa mama aliyewahi kupoteza mimba kisha akatokwa damu tena, taasisi ya NICE ya Uingereza ilipendekeza mwaka 2021 apewe projesteroni ya ukeni. Kwa hiyo ukiwa na historia hiyo, iseme wazi.

Damu ikijaza pedi kubwa ndani ya saa moja au mbili, nenda hospitali, usisubiri kesho.

Beta yangu inapanda, lakini polepole. Daktari amesema tuangalie mimba nje ya kizazi. Itawezekanaje, wakati kiinitete kiliwekwa ndani?

Inawezekana, na imekuwapo tangu mwanzo wa tiba hii. Kabla ya Louise Brown kuzaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, Patrick Steptoe na Robert Edwards walikuwa wameshapata mimba ya IVF, waliyoiripoti mwaka 1976, na mimba hiyo ilikuwa ndani ya mrija wa uzazi. Kiinitete huwekwa kwenye mji wa mimba kikiwa bado hakijajishikiza, na katika siku zile za mwanzo kinaweza kusogea hadi kwenye mrija. Mirija iliyowahi kuumia kwa maambukizi huongeza hatari, na ndiyo hiyohiyo inayowaleta wengi kwenye IVF.

Dalili ya maabara ni beta inayopanda kwa kusuasua, au inayosimama mahali pamoja. Lakini mimba ya nje nyingine hupanda vizuri kabisa mwanzoni, hivyo beta nzuri haikupi kibali cha kukosa ultrasaundi. Beta ikifika 3,500 na kifuko cha mimba hakionekani kwenye mji wa mimba kwa ultrasaundi ya ukeni, madaktari huwa na wasiwasi mkubwa.

Haya yasikae nyumbani hata saa moja: maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, na sentensi yako ya kwanza mlangoni iwe: "Nina mimba ya IVF." Wasikuache kwenye foleni ya malaria.

Beta imetoka vizuri, lakini tumbo limevimba na napumua kwa shida.

Piga simu leo. Kwa aliyevunwa mayai mengi kisha akapandikizwa mwezi huohuo, hCG ya mimba inaweza kuziamsha tena ovari zilizovimba, na maji yakavujia tumboni. Dalili ni tumbo kujaa haraka, uzito kupanda kwa siku chache, kutapika, mkojo kupungua na pumzi kubana. Hutibika, ila isiachwe.

Beta imeanza kushuka. Nini kinafuata?

Pole sana. Beta ikishuka katika wiki hizi, mimba hiyo haiendelei. Ikiwa ilishika na kuisha kabla ya kuonekana kwenye ultrasaundi, madaktari huiita mimba ya kikemia. Jina hilo linawaumiza wengi, kana kwamba mimba haikuwapo. Ilikuwapo. Una haki ya kuililia, na mume wako pia.

Hukusababisha wewe. Si ngazi ulizopanda, si ndoo uliyobeba, si ugomvi na wifi. Sababu ya mara kwa mara ni kasoro ya kromosomu za kiinitete chenyewe.

Kliniki itakuambia lini uache dawa, na damu hufuata baada ya siku chache. Muhimu: beta ifuatiliwe mpaka ifike chini ya 5, ili ijulikane hakuna mabaki na hakuna mimba mahali pengine. Wengi huacha kwenda kupima hapo kwa uchungu, na ninawaelewa, lakini naomba mwende na mtu wa kuwashika mkono.

TSH yangu ni 3.4. Inahusiana vipi na mimba?

Katika mimba changa mtoto hutegemea homoni ya thairoidi ya mama. Kliniki nyingi za uzazi hupenda TSH iwe chini ya 2.5. Kama tayari unameza levothairoksini, mjulishe daktari siku beta inapotoka, kwani wengi huhitaji dozi kuongezwa mapema. Imeze mbali na vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, saa 4 angalau.

Ultrasaundi lini, na mimba yangu ina wiki ngapi? Kila mtu ananihesabia tofauti.

Siku ya kupandikizwa kiinitete cha siku ya 5, mimba huhesabiwa kuwa na wiki 2 na siku 5. Cha siku ya 3, wiki 2 na siku 3. Aliyepandikizwa cha siku ya 5 na kupima beta siku ya 10 baadaye, ana wiki 4 na siku 1. Tarehe ya kujifungua ni siku 261 baada ya kupandikizwa cha siku ya 5, au 263 kwa cha siku ya 3. Aliyepandikizwa cha siku ya 5 tarehe 1 Machi anatarajia tarehe 17 Novemba.

Kwa ultrasaundi ya ukeni kifuko huonekana karibu wiki ya 5, na mapigo ya moyo karibu wiki ya 6. Kliniki nyingi huita kati ya wiki ya 6 na ya 7, yaani wiki 3 hadi 4 baada ya kupandikizwa. Kwenda mapema zaidi mara nyingi hukuletea hofu tu.

Vipimo hivi vitaisha lini?

Moyo ukishaonekana, beta haina kazi tena, ultrasaundi inasema zaidi. Kliniki nyingi husimamisha projesteroni kati ya wiki ya 8 na ya 12, kwa tarehe utakayopewa, na wengine huipunguza kidogo kidogo. Kabla ya kuhamia kliniki ya wajawazito ya karibu na nyumbani, omba barua yenye tarehe ya kupandikizwa, siku ya kiinitete, orodha ya dawa na tarehe ya kuziacha. Muuguzi akikuuliza hedhi ya mwisho, mpe barua hiyo, kwa kuwa tarehe ya hedhi inaweza kumpotosha kwa wiki nzima.